Daftari la mkopo lilikuwa pale

Mwandishi mmoja kaandika makala akisema maduka makubwa ya kisasa yameleta ustaarabu Arusha. Mimi nimekulia Kaloleni, na vile vijengo vya maduka karibu na Soko Kuu ndivyo vilivyonilea. Mama alichukua unga akaandikwa kwenye daftari, fundi cherehani yupo barazani, mafuta ya kula tunapimiwa kwa kipimo cha bati. Mwenye duka anakuuliza kwanza bibi anaendeleaje! Nani atakuuliza hivyo kwenye foleni ya kulipia? Na hao wenye maduka makubwa hawakai. Pale TFA, jumba la maduka la Arusha, Shoprite iliondoka 2014, Nakumatt ikaingia, nayo haikudumu. Duka letu nililikuta nilipozaliwa, likaondoka jengo lilipobomolewa. Mpaka leo nikipita naitafuta ile baraza.