Eti "Wakulima Wapewe Elimu"

Mpwa wangu yuko ukingoni mwa shahada ya uzamili. Kaniletea tasnifu yake nimkagulie lugha kabla haijarudi kwa msimamizi. Utafiti kaufanya Tandahimba, mkoani Mtwara, kuhusu kangomba, yaani ule ununuzi wa korosho wa kificho, kwa bei ya chini, nje ya mnada. Nimeisoma kwa raha mpaka mwisho wa sura ya nne. Sura ya tano imenitia hasira, na hasira yenyewe bado ninayo.

Sura ya nne ni kazi safi. Kijana kakaa na watu, kawasikiliza. Mama mmoja anamweleza kwamba mwezi wa saba mtoto kachaguliwa kidato cha tano, shule iko mkoa mwingine, ndani hamna unga, na huko shambani mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Mnada mpaka Oktoba. Mtu wa kangomba anabisha hodi na noti mkononi. Mzee mwingine anasema akipeleka korosho AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, anapewa stakabadhi, na dukani stakabadhi hawaipokei. Asubiri mnada, asubiri mnunuzi alipe, asubiri makato, asubiri benki. Wote wawili wamempigia hesabu ya wanachopoteza, kilo kwa kilo.

Sasa fungua sura ya tano, pendekezo la kwanza: "Serikali itoe elimu kwa wakulima kuhusu madhara ya kangomba."

Elimu gani? Mtu kakutajia hasara yake mpaka shilingi ya mwisho, nawe unampendekezea semina! Stakabadhi ghalani, huo mfumo wa korosho kukaa ghalani zikisubiri mnada, tumeanza nayo kwenye korosho mwaka 2007. Msimu wa 2018 serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo, mashamba yakahakikiwa ili watu wa kangomba wajulikane. Baada ya yote hayo, kuna mkulima wa Tandahimba ambaye hajasikia kwamba kangomba inamnyonya? Anachokosa ni fedha ya mwezi wa saba. Matokeo yako yanasema njaa na ada, basi pendekezo nalo liseme njaa na ada. Sema chama kikuu cha ushirika na benki wakae, mkulima apate mkopo mdogo kabla ya msimu, korosho zake ziwe dhamana. Sema siku za kusubiri malipo baada ya mnada ziwe na kikomo, na anayevuka kikomo alipe fidia. Labda watakataa. Wakatae, lakini wawe na kitu cha kukataa.

"Mjomba, sura ya tano huwa hivyo," akanijibu.

Huwa hivyo! Na ni kweli, maana za namna hiyo zimepita nyingi mikononi mwangu. Ya gesi ya Mnazi Bay, ya utoro wa wanafunzi Ruangwa, ya shida ya maji Newala: elimu itolewe, bajeti iongezwe, wadau washirikiane. Hao wadau hawana majina wala ofisi. Zibadilishane sura za tano, hakuna atakayegundua, hata msimamizi.

Haya, nakubali shingo upande, elimu ina mahali pake. Salfa ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukikosea wakati au kipimo umepoteza fedha na maua, na hapo wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele waje hata kila wiki. Najua pia kwamba sura hii huandikwa mtu akiwa hoi, ada inadaiwa, msimamizi hapokei simu. Ila huo uchovu ungemshika kwenye sura ya pili, kurasa nenda rudi za fulani kasema na fulani naye kasema, nani angelalamika?

Muhtasari wa sura hiyo ya tano nao uwe mfupi. Asilimia nilizozisoma jana sihitaji kurudishiwa leo.

Na mapendekezo ya tafiti zijazo: "Utafiti kama huu ufanyike Mkoa wa Lindi." Kwa nini Lindi? Kwa kuwa tumepakana nao? Wanunuzi wa kangomba wenyewe walimkwepa, hakumpata hata mmoja wa kumhoji, na jambo hilo kalificha kwenye sentensi moja ya sura ya tatu. Fedha wanazitoa wapi, na korosho wakishazikusanya wanamuuzia nani? Pengo ndilo hilo, limekaa wazi, yeye anatutuma Lindi.

Halafu zitachapwa nakala za jalada gumu zenye maandishi ya dhahabu, ziende maktaba. Ofisi ya kijiji iliyogonga muhuri kwenye barua ya kibali haitapata hata kurasa mbili. Mwenye uwezo wa kulipia dhahabu hashindwi nauli ya basi. Kabla hajakabidhi chochote chuoni apande aende, aombe nafasi kwenye mkutano wa AMCOS, awasomee mapendekezo yake moja baada ya jingine, na kalamu awe nayo mkononi.