Siasa za ofisini huzifanyi? Basi unafanyiwa

Juzi mwenzangu mmoja kazini, kijana mchapakazi kweli kweli, kanyimwa ukuu wa kitengo. Nafasi kapewa mtu ambaye, kwa maneno yake, "hata ripoti yake anaandikiwa". Jioni akaja mezani kwangu, akashusha pumzi, akaitoa ile sentensi: "Kaka, mimi siasa za ofisini sifanyi. Mimi nafanya kazi."

Nilitamani kumrushia stepla.

Hakunikosea lolote. Ila sentensi hiyo nami niliitembeza miaka sita, nimeivaa kifuani kama nishani. Siasa ni za wanafiki, wapika majungu, na wale wanaocheka kabla bosi hajamaliza utani wake. Mimi na kazi yangu, kazi yangu na mimi, itajisemea yenyewe. Tumelelewa hivyo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyeutunga msemo huo hakuwahi kukaa kwenye kikao cha bajeti.

Nisimulie yangu, maana ya kijana bado mbichi.

Ofisi fulani niliyowahi kufanya kazi, ukitumia hela yako mfukoni kwa shughuli za ofisi, kurudishiwa kulikuwa kunachukua wiki tatu, wakati mwingine zaidi. Dai linapita kwa watu watatu, kila mmoja aweke saini. Mmoja akiwa safarini, dai linalala. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha akili. Nikakesha, nikachora jedwali, nikapanga hoja: saini mbili zinatosha. Hesabu ilikuwa safi, na mpaka leo nasema ilikuwa safi.

Siku ya kikao nimewekwa ajenda namba nne, baada ya Yatokanayo, kabla ya Mengineyo. Nikasimama. Mkuu wa uhasibu alikuwa anafunua karatasi zangu kuanzia nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, kama anatafuta kitu alichopoteza. Akavua miwani. "Saini ya tatu imeenda wapi?" Nikamwonyesha jedwali. Hakulitazama. "Nimeuliza saini." Nikamweleza tena, safari hii kwa sauti ya mwalimu anayerudia somo kwa mtoto mzito, kosa ambalo likinijia usiku bado najigeuza kitandani. Mwenyekiti akaangalia saa. "Jambo zuri. Likafanyiwe kazi zaidi."

Aliyewahi kukaa vikaoni anajua. "Likafanyiwe kazi zaidi" ni sanda.

Dakika zisizozidi tano, kazi ya wiki nzima imezikwa. Na yule jamaa aliyeniambia Jumatatu "hii kitu safi sana, nakuunga mkono"? Alikuwa anachunguza kalamu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Huyo nilimkasirikia muda mrefu kuliko mhasibu, mpaka nilipokutana na majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950 kule Marekani. Aliwaketisha watu chumbani, akawaonyesha mistari, akauliza upi unalingana na upi. Jibu liko wazi hata kwa mtoto. Lakini wote mle ndani isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa waseme uongo. Kiasi cha theluthi ya majibu ya yule mmoja asiyejua mpango yalifuata uongo wa kundi. Mistari tu, hakuna mshahara wala cheo kinachoguswa! Ila alipowekewa mwenzake hata mmoja wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulishuka mno. Sasa mimi nilitaka jamaa awe wa kwanza kufungua mdomo mbele ya mkuu wa uhasibu aliyekwisha vua miwani. Nilipaswa kuingia mle na watu wawili waliokubaliana waziwazi, tena wao kwa wao wajuane.

Mwezi mmoja baadaye katibu muhtasi wa mkurugenzi, mama mtu mzima ambaye nilikuwa namsalimia nikiwa mwendoni, ndiye aliyenifumbua macho. "Mwanangu, si ungeniuliza?" Kumbe miaka ya nyuma malipo fulani yalitoka mara mbili. Wakaguzi wa ndani wakaja, kila mtu akaruka kimanga. Mkuu wa uhasibu aliponea kwa saini ya tatu, kwa sababu ilionyesha kuna mtu mwingine aliyepitisha baada yake. Mimi nikaja mbele ya watu kumi na wawili kumvua fulana ya kuzuia risasi, halafu nikazunguka kwenye korido nikimwita adui wa maendeleo.

Yule mama hakuwa na cheo cha kutisha. Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili, French na Raven, walipoorodhesha vyanzo vya nguvu ya mtu juu ya wenzake, cheo kilikuwa kimoja tu kati ya vitano: kuna uwezo wa kutuza, wa kuadhibu, kuna utaalamu, na kuna ile hali ya watu kukupenda tu na kutaka kufanana nawe. Baadaye Raven akaongeza taarifa. Mama yule alikuwa amekalia taarifa za jengo zima, na mimi nampita kwa "shikamoo" ya mbio.

Wajapani wana neno, nemawashi. Asili yake ni bustanini: kabla ya kuuhamisha mti, unachimba taratibu kuzunguka mizizi yake ili uzoee. Ofisini maana yake ni kumpitia kila mhusika mmoja mmoja kabla ya kikao. Kikao chenyewe kinabaki kutia muhuri. Toyota inajulikana kwa utaratibu huo, na sijasikia mtu akiwaita wapika majungu. Sisi mtu akifanya hivyo tunasema "anapita chini chini".

Nikarudi kwa mhasibu, safari hii mezani kwake, bila jedwali. Nikamuuliza kinachomnyima usingizi kwenye yale madai ni nini. Aliongea karibu saa nzima! Na suluhisho akalitoa yeye: madai makubwa yabaki na saini tatu, madogo mbili, ila kila Ijumaa apate orodha yake. Ilikuwa nzuri kuliko yangu, nakiri kwa shingo upande. Nikapita kwa wengine watatu. Kikaoni likapita kabla sijakohoa, na aliyelieleza ni yeye. "Tumeona," akasema, "utaratibu huu una mapungufu." Tumeona! Nikameza mate. Kwenye muhtasari wa kikao jina langu halimo.

Inauma, ndiyo. Lakini madai yalianza kulipwa.

Haya, najua mtakachosema. Kuna ofisi ambazo cheo kinatolewa kwa kujuana, hata uzungushie mizizi ya msitu mzima. Kweli. Huko tafuta mlango. Na kuna wachongezi hasa, wanaoamka asubuhi na jina la mtu mdomoni. Wapo, tena wanapanda vyeo, sitabisha. Ila mkiwaachia uwanja wote kwa sababu ninyi ni wasafi, mnashangaa nini wakifunga mabao?

Halafu tusichanganye mambo. Kumnakili bosi kwenye kila barua pepe ni kushtaki watu, si ushawishi. Kumsifia tai yake ni kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye anajua. Ninachokisema mimi ni kazi, inayochosha, ya kujua mwenzako anaogopa nini kabla hujamwomba akubali.

Kijana alinisikiliza akiwa amekunja mikono. "Kwa hiyo nikajipendekeze."

Nikamuuliza waliokaa kwenye jopo la usaili wake ni akina nani. Akataja wawili. Walikuwa watano. Nikamuuliza kati ya hao wawili, mwaka huu kila mmoja kabanwa na nini. Akafikiri, akafungua mdomo, akaufunga.

Nikamsogezea kiti.