Wakorea wana mtaa, sisi tuna viwanja Chanika

Ndugu wakija kunitembelea Los Angeles wanataka Hollywood kwanza. Nawapeleka, wapige picha zao, halafu jioni nawashusha Koreatown, mtaa wa Wakorea, pale barabara za Olympic na Western zinapokutana, ndipo wauone mji.

Nyama haihitaji maelezo. Jiko liko katikati ya meza, nyama inaletwa mbichi, inakatwa kwa mkasi na kugeuzwa mbele ya macho yako. Pembeni vinapangwa visahani vya kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili), figili, choroko zilizochipua na mboga za majani. Havilipiwi, na kimoja kikiisha unaongezewa. Hebu kaombe kachumbari ya tatu ya bure kwenye baa zetu za nyama choma Dar uone! Mdogo humimina kinywaji cha mkubwa kwa mikono miwili, na mzee ndiye anayeanza kula. Mama yangu, mtu wa Tanga, angejiona nyumbani, ukiondoa soju, pombe yao, na nguruwe. (Mabafu yao ya pamoja, watu wazima watupu kama walivyozaliwa, siyazungumzii.)

Ila kinachonikereketa si chakula, ni jinsi mtaa wenyewe ulivyopatikana. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965 ilifungua mlango, jamaa wakaitana. Mwaka 1971 Hi Duk Lee alifungua duka la vyakula, Olympic Market, na biashara nyingine zikasogea karibu. Mwaka 1980 jiji likalitambua eneo hilo rasmi kwa jina la Koreatown. Mitaji je? Mgeni benki hazimjui. Wengi walicheza upatu. Wenyewe wanauita kye: watu wanaoaminiana wanachanga kila mwezi, mmoja anabeba chote, mwezi unaofuata zamu ya mwingine. Ni mchezo uleule wa kina mama wa Kariakoo. Zikatoka dobi, maduka ya vyakula, maduka ya vinywaji. Hata rasta wanazosukia dada zetu huku, mara nyingi muuzaji ni Mkorea.

Haukuwa mteremko. Aprili 1992, polisi waliompiga Rodney King, dereva Mweusi, walipoachiwa na mahakama, ghasia zilizuka na maduka zaidi ya 2,000 ya Wakorea yaliporwa au kuchomwa moto. Wako waliofunga moja kwa moja, wako waliojenga upya. Leo wakazi wengi wa Koreatown ni Walatino, na Wakorea wengi wamehamia vitongoji vya nje, lakini kanisani na sokoni wanarudi palepale.

Sisi Watanzania wa huku nasi tunacheza upatu, tena kwa uaminifu. Zamu ikifika pesa inapaa kwenda Chanika, pembezoni mwa Dar: kiwanja, tofali, bati, mpwa msimamizi, na picha za WhatsApp za ukuta ambao haupandi. Siwalaumu wenzangu. Wakorea wengi walikuja na familia nzima, wengine na shahada zao. Wengi wetu tulikuja peke yetu, na nyuma yuko mzazi anayesubiri hela ya dawa. Hiyo ni haki yake, haina mjadala. Ninachokipinga ni nyumba ya pili na ya tatu, ambazo mwenye nyumba analala humo Desemba tu, wakati watoto wake huku hawana hata mgahawa mmoja wa kumsikia mtu mzima akiagiza maharage kwa Kiswahili. Mtoto wa Kikorea anapelekwa shule ya lugha yao Jumamosi. Wangu Kiswahili chake ni cha kumsalimia bibi kwenye simu.

Nimependekeza kwenye mchezo wetu: kila mwaka zamu moja iwe kubwa, iende kwa anayefungua biashara hapahapa, na wengine tuwe wateja wake wa kwanza. Dada mmoja mpishi hodari wa pilau ameshaanza kuulizia kodi ya fremu. Wanaume wengi wamenijibu kwamba wanamalizia kupaua kwanza.