Hela ya serikali inaanzia kwenye lenta

Pale kijijini kwetu kuna boma la zahanati lina mwaka wa saba sasa. Kuta zipo, lenta ipo, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, bati hakuna. Ndani imeota mibarika na mchana mbuzi ndo wanajificha jua humo.

Mi nilitoa elfu kumi ya kaya na nikasomba mchanga Jumamosi tatu, mama na wenzake wakabeba maji ya kufyatulia tofali toka mtoni, hakuna aliyelipwa hata soda na hatukulalamika maana tuliambiwa fikeni usawa wa lenta serikali itamalizia. Na ndo utaratibu wenyewe toka enzi za MMAM, ule mpango wa 2007 wa kila kijiji zahanati kila kata kituo cha afya. Itamalizia lini ndo hatukuuliza.

Sisemi serikali haitoi hela, inatoa bana. 2021 kwenye zile trilioni 1.3 za UVIKO toka IMF yalijengwa madarasa 15,000 ndani ya miezi michache, milioni 20 kwa darasa, tena kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, mafundi wa hapahapa mtaani. Kumbe hela ikija nzima jengo linaisha. Shida ni hizi zinazokuja vipandevipande. Chukua Mfuko wa Jimbo, sheria yake ni ya 2009 na mbunge ndo mwenyekiti wa kamati, sasa hela yenyewe kiduchu, kata kibao, na kila diwani anataka kwake pia kionekane kitu, basi inagawanywa kama pilau ya msibani, huku bati ishirini kule saruji mifuko kumi na tano. Sisi tuliangukia kwenye saruji. Ikalala ofisi ya kijiji masika mzima ikawa mawe, na kuna mifuko naona ilitembea yenyewe.

Na kuna ile hela inafika mwezi wa tano, mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, mnakimbizwa tumieni haraka isije ikarudi Hazina. Ukijenga mbio hivyo utategemea ukuta gani?

Kilichoniuma zaidi lakini ni injinia. Alikuja mwaka juzi, akapima na tepu, akasema korido nyembamba kitanda cha mgonjwa hakipiti, ramani hii siyo ya wizara, upande huu itabidi kubomoa. "Mngetushirikisha mapema." Mzee mmoja pembeni akamuuliza taratibu, "mwanangu, tulivyokuwa tunachimba msingi ulikuwa wapi?" Jamaa akakunja tepu yake akaingia kwenye gari.

Kwa maoni yangu ramani na injinia vije kabla kaya haijatoa hata mia, halafu hayo maji na mchanga wetu vipigiwe hesabu ya shilingi viandikwe kwenye mkataba kama mchango wa mbia, ili mwenzetu asipoleta sehemu yake tuwe na cha kumdai. Saivi tunaonekana kama tumejitolea tu, na anayejitolea hadai. Siku ya kuzindua jiwe la msingi litaandikwa jina la mgeni rasmi.

Juzi mtendaji kapita na daftari tena, elfu tano kila kaya, nyumba ya mganga. Mganga wa zahanati ipi hakusema. Mama ametoa. Mi bado.