Kilio cha njiti si cha kupimwa na jirani

"Una bahati, mwanao hasumbui." Mama aliyejifungua njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, husikia maneno haya kutoka kwa kila anayekuja kumpa pole, nami yananikera. Kulia ni kazi. Mapafu yasukume hewa, nyuzi za sauti zitetemeke, ubongo uyapatanishe hayo na kupumua. Aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba, hasa aliyewahi sana, nguvu hizo hana. Sauti humtoka fupifupi, hafifu. Aliyewekewa mpira wa kupumulia kooni utamwona amekunja uso tu, sauti hakuna. Upole uko wapi hapo?

Akishanenepa na kurudi nyumbani, majirani walewale wanageuza kibao: "Mbona analia kikali hivi? Ana chango huyo."

Nyuzi za sauti za mtoto aliyezaliwa baada ya mimba kutimiza miezi yake hutetemeka takriban mara 400 hadi 500 kwa sekunde, kama maradufu ya sauti ya mama yake akizungumza. Za njiti mara nyingi huenda juu zaidi. Unaweza kudhani ni kwa sababu ya udogo wa mwili, lakini mwaka 2014 Yuta Shinya na wenzake wa Kyoto, Japani, walichapisha utafiti uliolinganisha vilio vya njiti waliokwishafika tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa na vya watoto wa miezi kamili. Njiti bado walilia kwa sauti ya juu zaidi, na tofauti ya miili haikutosha kueleza hilo. Watafiti wakahisi chanzo ni neva ya vagasi, ile inayopunguza kasi ya moyo na kufika hadi kooni: isipofanya kazi yake vizuri, nyuzi za sauti hukazika, na sauti inapanda.

Ndiyo maana nataka wauguzi wa wodi za kangaruu, zinazolea njiti, walitaje hili kabla mama hajaruhusiwa. Anafundishwa kumbeba mtoto kifuani, kukamua maziwa, kufuatilia uzito. Kuhusu sauti haambiwi kitu, halafu bibi mwenye dawa ya chango anamkuta hana jibu.

Sisemi kila kilio kikali kipuuzwe. Kikibadilika ghafla, mtoto akakataa kunyonya, akachemka au akapoa mwili, akalegea au akashikwa na degedege, mkimbizeni hospitali usiku huohuo. Chango mtalijadili mkirudi.