Bili ya 2013 na ile mia tano ya "nia njema"

"Mama, tuma hata mia tano tu, ionekane umeanza." Kijana aliyenipigia Jumamosi asubuhi alikuwa na adabu, hilo nampa. Alidai bili ya intaneti ya 2013, ya nyumba niliyohama zamani: Sh3,200 ambazo kwa hesabu yake zimefika 9,750. Kampuni yenyewe haikuwahi kunitafuta. Huyu ni wakala, anakula kamisheni kwa kila anachokusanya.

M-Pesa nilishaifungua. Kilichoniokoa si akili, ni salio.

Maana mtego wote umo kwenye hiyo mia tano. Sheria ya Kenya ya ukomo wa mashtaka, Sura ya 22, kifungu cha 4, inampa anayedai deni la mkataba miaka 6 ya kwenda mahakamani. Ikipita, kuomba anaweza kuomba, ila ukishtakiwa una ngao. Lakini kifungu cha 23 kinasema mdaiwa akilikiri deni, au akilipa chochote, hesabu inaanza upya siku hiyo. Kukiri sharti kuwe kwa maandishi na sahihi. Kulipa hakuna sharti hilo, na ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi usiofutika kirahisi.

Ngao yenyewe nayo haijiinui. Kenya ni lazima uitaje kwenye utetezi wako; ukiitupa samansi kapuni, hukumu inaweza kukupata kwa deni lililopitwa na wakati. Tanzania miaka ni hiyo hiyo 6, Sura ya 89, ila kifungu cha 3 kinaitaka mahakama ilitupe shauri lililochelewa hata kama mdaiwa hakusema neno. Hapo Watanzania wametuzidi. Mwenye deni la elfu tatu atamtoa wapi wakili?

Sasa, upande wa mdai. Mama yangu alikuwa na duka Likoni, na daftari la madeni lililofungwa kwa mpira wa ndala. Kuna jina lilikaa humo tangu niko darasa la tano hadi nimeolewa. Ungemwambia sheria imelifuta, angekuuliza kama unga nao ulirudi ghalani. Kwetu jeneza likishatangulizwa, mtu wa familia husimama aulize: anayemdai marehemu ajitokeze. Hajawahi kuongeza "asiyezidi miaka sita". Na kusema kweli, hata sheria hailifuti deni. Inafunga mlango wa mahakama tu.

Hoja hiyo naikubali kwa mama, kwa wakala naisitasitia. Mama alimjua mdaiwa, alijua ni unga kilo ngapi, na daftari lilikuwepo. Wakala ana orodha ya majina na namba. Risiti za 2013 mimi sina, naye hana. Ndiyo maana ukomo ukawekwa, watu wasihukumiwe kwa kumbukumbu. Zile 6,550 za juu alipoulizwa zimetokana na nini, alisema "ni mfumo".

Matusi hakunitolea. Wapo wanaotolewa, au wanaopigiwa hadi shemeji zao. Kwa hayo pa kwenda papo: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu Sh2,975,000 kwa kutumia namba ilizozipata kwa watu wengine kuwatisha wadaiwa.

Je, nitalipa? Nikiletewa mkataba wenye sahihi yangu na barua ya kampuni inayomtambua wakala, nitalipa 3,200 zote kwa mara moja, kwa kampuni yenyewe, na nipewe barua kwamba tumemalizana. Hizo za mfumo wazidai mfumo. Nimemwandikia hivyo, na sentensi moja niliirudia mara tatu kabla ya kuituma. Mwanzo ilisema "deni langu". Nikafuta, nikaandika "deni mnalodai".