Grassley na hesabu inayombeba

Septemba 2021 Chuck Grassley, seneta wa Republican kutoka jimbo la Iowa, Marekani, alitangaza kugombea tena kwa video fupi: saa ya mezani inaonyesha saa kumi alfajiri, kisha mzee wa miaka 88 yuko barabarani gizani, anakimbia. Ni kama alikuwa akisema: msinihesabie miaka.

Novemba 2022 akashinda muhula wa nane. Ukiisha atakuwa na miaka 95. Hajakosa kiti cha kuchaguliwa tangu 1959, alipoingia Bunge la jimbo. (Spika wa baraza la wawakilishi la jimbo hilo siku hizi ni mjukuu wake, lakini hayo tuyaache.)

Watu walicheka umri wake. Mimi umri haunisumbui. Kinachonikera ni hesabu inayomlazimisha mpiga kura mwenye akili timamu amrudishe hata akiwa amemchoka. Katika Seneti ya Marekani, ukongwe ndio mamlaka. Chama kikiwa na wengi, aliyekaa muda mrefu kuliko wenzake ndiye kwa desturi hupewa urais wa muda wa Seneti, wa tatu katika foleni ya kumrithi Rais. Uenyekiti wa kamati nao hufuata njia hiyohiyo. Mkulima wa mahindi anajua kwamba akimng'oa Grassley, mgeni ataanzia mkiani, na jimbo lenye watu milioni tatu na ushei litapoteza sauti yake. Kadiri anavyokaa ndivyo kumwondoa kunavyozidi kuwa hasara. Huo ni ushindani gani?

Tusimdhulumu: mzee ana bidii. Kila mwaka huzuru kaunti zote 99 za Iowa, na ziara hiyo wanasiasa wameibatiza jina lake. Alikaa miaka 27 bila kukosa kura hata moja ya Seneti, mpaka korona ilipomweka karantini Novemba 2020. Sisi ambao mheshimiwa wetu huonekana kampeni hadi kampeni, mbunge wa namna hiyo tungemchinjia mbuzi.

Ila kufika ni jambo moja, kuwajibika ni jingine. Mwaka 2016, akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Sheria, alikataa kuitisha kikao cha kumsaili Merrick Garland, aliyeteuliwa na Obama kuingia Mahakama ya Juu. Eti ni mwaka wa uchaguzi, wananchi waamue kwanza. Oktoba 2020, zikiwa zimebaki siku nane kabla ya uchaguzi, akampigia kura ya ndiyo Amy Coney Barrett, aliyeteuliwa na Trump kuingia mahakama hiyohiyo. Miaka miwili baadaye, wananchi haohao wakamrudisha.

Si kwamba hawakuona. Mwaka 2004 alipata asilimia 70 ya kura, 2010 akapata 64, 2016 ikawa 60, na 2022 ikafika 56. Akiendelea kupungukiwa pointi nne kila muhula, sanduku la kura litamwangusha mwaka 2034, akiwa na miaka 101.